Baba Alikuwa Dereva, au Alishika Spana Tu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano. Naishi Nyegezi, na nyumba ya wazazi iko Kirumba, kule juu kwenye mawe. Baba alitutoka mwaka jana. Tanga tumeanua, mama yupo na ana nguvu zake, lakini tangu siku tulipofungua tranka la bati lililokuwa chini ya kitanda cha baba, nyumba haina amani.

Baba alikuwa fundi wa injini za meli hapa Mwanza mpaka alipostaafu. Kabla hajaoa alipelekwa Uingereza kusomea ufundi, akakaa Birmingham kuanzia 1968 hadi 1971. Hilo tulilijua toka utotoni. Kwamba siku zake za mapumziko huko zilikuwa zikiishia kwenye mashindano ya magari, hilo tulilisikia juujuu tu. Alikuwa akisema, "Nilipanda kilima cha watu kwa Mini," yaani lile gari dogo la Kiingereza, halafu anacheka, na mazungumzo yanaishia hapo. Tulidhani ni matembezi.

Ndani ya tranka tumekuta vijitabu vya programu ya mashindano kama kumi na mbili, vingi vina jina Shelsley Walsh kwenye jalada. Kuna vikombe viwili vidogo, helmeti nyeupe, glavu za ngozi, saa ya kushika kiganjani, ya kubonyeza, ya kupimia muda, boksi la slaidi, zile picha za filamu za kuangaza ukutani, lililoandikwa Kodachrome, mikanda miwili ya filamu, barua za rafiki yake Mwingereza, na bahasha ya kadi za muda. Mkanda mmoja wa filamu unanuka kama siki.

Ugomvi wenyewe ndio huu. Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo imempa barua. Anasema baba alikuwa bingwa wa Uingereza, vikombe ni fedha tupu, na amepata mtu wa Dar aliyeona picha kwenye simu akaahidi shilingi 900,000 kwa tranka zima. Kaka ana watoto wawili sekondari na ada zimemkaba, simlaumu kwa hilo. Anasema pia ile pikapu ya baba, Peugeot 404 iliyolala chini ya mwembe, ndiyo gari la mashindano, kwa hiyo nayo itaingiza mamilioni. Wanunuzi wa skrepa wameshakuja mara mbili.

Baba mdogo yeye amesema maneno yaliyoniuma. Kwenye kikao, mbele ya mama, alisema: "Kaka yangu hakuwa dereva. Alikuwa anamshikia Mzungu spana." Ushahidi wake ni kadi. Kuna kadi mbili za siku moja mwaka 1970, gari ni lilelile moja, lakini moja ina jina la yule Mwingereza na nyingine ina jina la baba. Kwenye picha gari hilo lina namba 58 na Mwingereza yumo ndani. Picha nyingine gari ni lile lakini namba ni 158, na dereva haonekani uso kwa sababu ya helmeti. Baba mdogo anasema namba ya kweli ni 58, na jina la baba liliandikwa kwa kumpa heshima. Tena kadi ya baba ina muda nne: 46.90, 45.12, 43.61 na 47.28. Baba mdogo anasema hiyo ni kushindwa mara tatu. Pembeni ya ile ya mwisho kuna neno la penseli: "mvua". Na ndani ya programu moja, kwenye mchoro wa njia, pameandikwa hivyohivyo kwa penseli, "usiguse breki".

Kikombe kimoja kimechorwa maandishi ya mshindi wa pili katika kundi. Chini kina mhuri wa herufi EPNS. Wifi alikisugua kwa majivu king'ae, sasa pembeni kimeanza kuonyesha rangi ya njano.

Mambo mawili ya mwisho. Mtoto wa kaka ameichukua helmeti, anaendeshea bodaboda kati ya Buzuruga na Igoma. Anasema babu yupo naye. Na mama kuna picha moja hataki kuiona, ya baba amesimama na msichana wa Kizungu aliyeshika saa ileile. Amesema tuichome.

Nimeshika saa hiyo usiku nikalia. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa akitupanga chini ya njia ya mawe inayopanda kwetu, yeye anatangulia juu nayo, anatuita mmoja mmoja tukimbie. Hakuruhusu hata siku moja wawili kukimbia pamoja. "Shindana na saa," alikuwa akisema, "mwenzako muache." Sijui kama hili linahusiana na barua yangu. Nisaidie Shangazi. Tuuze? Tugawane? Na je, baba mdogo anasema kweli?

Binti wa Kirumba

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Kabla hujaendelea kusoma, mpigie simu huyo mtoto wa kaka yako aivue helmeti. Leo hii. Wewe ni shangazi yake, ana wajibu wa kukusikia. Helmeti ina ganda la nje, lakini linalookoa ubongo ni kile kitu cha ndani kinachobonyea wakati wa kugonga, na kitu hicho huzeeka. Watengenezaji wengi wa leo hushauri ibadilishwe baada ya miaka 5 hivi. Hiyo ya babu yake ina zaidi ya miaka 50, imekula jasho, joto la bati na unyevu wa ziwa. Akianguka nayo barabara ya Musoma ni sawa na kuvaa sufuria. Mchangieni helmeti mpya ndugu wote watano. Ya babu akabidhiwe kama mlinzi wake, aifute vumbi, aitunze nyumbani, ajue ni yake kuisimulia. Kijana anayetaka babu awe naye barabarani msimnyang'anye kwa ukali.

Sasa nije kwa baba yako. Nimesoma barua yako mara tatu, na nakwambia bila kusita: baba yako alikuwa dereva. Ushahidi alioutoa baba yako mdogo kumkanusha ndio uleule unaomthibitisha.

Mashindano ya kupanda kilima hayafanani na mbio za uwanjani. Gari linapanda peke yake. Njia ni fupi, ina kona, inapanda, na kuna mshale wa saa tu wa kushindana nao. Shelsley Walsh ni kilima kilichoko Worcestershire, si mbali na Birmingham. Mashindano ya kwanza pale yalifanyika tarehe 12 Agosti 1905, na mpaka leo magari yanapanda njia ileile. Urefu wake ni yadi 1,000, yaani mita 914. Ukishafika juu umepanda kama mita 100. Dereva anasimama kwenye mstari, anaruhusiwa, lakini saa haianzi mpaka gari likate mwale wa mwanga mbele yake. Juu linakata mwale mwingine, saa inasimama. Ndiyo maana kadi ya baba yako imeandikwa hadi sehemu ya mia ya sekunde. Muda kama huo haumtoki mtu aliyebaki chini na spana.

Kwa kuwa magari hayapandi pamoja, watu wawili wanaweza kushindana kwa gari moja. Mmoja anapanda, anashuka nalo, anampisha mwenzake kwenye kiti. Ni desturi ya zamani ya mchezo huo na bado ipo, hasa kwa watu wa kipato cha kawaida: mafundi na wanafunzi wanaochanga ya mafuta, ya matairi na ya kiingilio. Kila mmoja anaandikishwa kwa jina lake na anapewa namba yake, maana waamuzi hawawezi kuandika muda wa watu wawili kwenye namba moja. Njia nyepesi ya kubadilisha namba ubavuni ni kubandika tarakimu moja zaidi mbele ya zilizopo. Hamsini na nane ikawa mia hamsini na nane. Chukua ile picha, iangalie kwa kioo cha kukuzia: tazama kama hiyo moja imekaa sawa na 58, au ni utepe uliobandikwa kwa haraka.

Na hizo muda nne si kushindwa mara tatu. Utaratibu wa kawaida ni dereva kupanda mara mbili kwa mazoezi na mara mbili kwa kuhesabiwa, kisha inachukuliwa nzuri kati ya zile mbili za mwisho. Soma kadi upya. 46.90, mgeni anajifunza njia. 45.12, amepunguza karibu sekunde mbili. 43.61, hiyo imehesabiwa, na ameshuka tena kwa sekunde moja na nusu. Halafu 47.28, na pembeni pake: mvua.

Mwanangu, nani katika Worcestershire mwaka 1970 angeandika neno "mvua"? Yule rafiki Mwingereza? Hilo ni neno la mtu wa Mwanza anayejieleza mwenyewe kwa nini amechelewa. Ndivyo ilivyo na "usiguse breki" kwenye mchoro. Mtu wa spana hujiandikia habari za plagi, kabureta na upepo wa matairi. Anayejikumbusha mahali pa kutogusa breki ni yule ambaye mguu wake ndio utakuwa juu ya hiyo breki.

Ningependa maneno haya umpelekee baba yako mdogo wewe mwenyewe, uso kwa uso, tena usimwite kikaoni. Nenda kwake na kadi, na programu, na picha zote mbili, umsomee taratibu. Usianze na "ulikosea." Anza na "Baba, hebu tazama mwandiko huu." Alikuwa mdogo kaka yake alipopanda ndege, na alichojua ni kile alichoambiwa. Huenda wakati ule kaka mwenyewe ndiye aliyesema "nashika spana tu," kwa kuogopa wazee wamwulize kwa nini kijana aliyetumwa kusoma anacheza na magari. Mpe nafasi akumbuke.

Kaka yako naye anahitaji kuambiwa ukweli kwa upole, maana amevuka mpaka upande wa pili. Baba hakuwa bingwa wa Uingereza. Kikombe kinasema wa pili katika kundi, na makundi hupangwa kwa aina ya gari na ukubwa wa injini, ili Mini isipimwe na gari la mashindano lenye injini kubwa mara nne. Nafasi hiyo ya pili mimi naiona kubwa kuliko ubingwa wa kuzua. Fikiria: ukiwa Kirumba ukichovya mguu ziwani, upo karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mlima mrefu kuliko yote England, Scafell Pike, una mita 978. Mtoto aliyezaliwa juu kuliko vilele vyao vyote akaenda kukopa nusu ya gari, akajifunza kilima chao kwa siku moja, akawa wa pili. Hiyo haihitaji chumvi.

Kuhusu fedha tupu: EPNS ni alama ya chombo cha aloi ya shaba, zinki na nikeli kilichopakwa fedha juujuu. Hiyo njano aliyoifichua wifi yako kwa majivu ndiyo aloi yenyewe inayochungulia. Sonara hatawapa kitu cha maana. Mwombe wifi asisugue tena, kila akisugua fedha inaondoka na maandishi yanafifia. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Na pikapu. Ni kweli Peugeot 404 ina jina hapa kwetu. Ilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na mbili za katikati, 1966 na 1967, alizishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa Tanzania. Nadhani kaka yako alisikia hayo vijiweni akayaunganisha. Lakini zile hazikuwa pikapu, na barua yako yenyewe inasema baba alipanda kilima kwa Mini. Hiyo iliyoko chini ya mwembe ilibeba mchanga, samaki na ninyi wenyewe mkienda shule. Kama hakuna kati yenu mwenye fedha na nia ya kuifufua, waacheni watu wa skrepa waichukue. Ng'oeni usukani kwanza, mpigeni mama picha ameketi ndani, kisha iende. Najua wengine watanikasirikia hapa. Gari linalooza kwa miaka kumi huku kuku wakitagia ndani halimheshimu mtu yeyote, na fedha yake, hata iwe kidogo, ni ada halali ya hao watoto wawili.

Tranka ni jambo jingine kabisa.

Msimamizi wa mirathi si mrithi mkuu, na kaka yako anapaswa kulielewa hili kabla hajapokea hata shilingi ya mtu wa Dar. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Kanuni za mirathi za mahakama za mwanzo zinampa miezi 4 tangu ateuliwe apeleke orodha ya mali na madeni yote kwa Fomu Namba 5, na baadaye Fomu Namba 6 ya kuonyesha alivyogawa. Je, tranka limo kwenye orodha? Kama halimo, aende karani amwelekeze namna ya kuliongeza. Mama ni mjane, ninyi ni watoto. Akiuza kimyakimya, yeyote kati yenu anaweza kwenda kumlalamikia mbele ya hakimu yuleyule aliyemteua. Sikuambii uende. Nakuambia yeye ajue mipaka yake, kisha mkae mzungumze kama ndugu.

Na katika kuzungumza, muwe na cha kumpa. Kaka ana shida ya kweli. Kwa hiyo tenganisheni vitu. Programu zilichapishwa nyingi, kila aliyeingia langoni alinunua yake. Zile ambazo baba hakuandika kitu ndani, na ambazo mna nakala mbili, zinaweza kuuzwa bila tranka kupungukiwa. Zipigeni picha kila ukurasa kwanza. Ila programu yenye "usiguse breki", kadi, slaidi, barua, saa na vikombe haviendi popote, na visitenganishwe. Kadi bila picha ni tarakimu tu. Picha bila kadi ni gari jeupe lisilo na mwenyewe. Nimeona familia zikigawana vitu vya marehemu kwa usawa kabisa, huyu kikombe, huyu saa, huyu albamu, na baada ya miaka michache hakuna hata nyumba moja inayoweza kueleza alichonacho. Kipimo cha huyo mnunuzi wa 900,000 mnacho: mwambieni mnauza programu kadhaa tu, kwa bei ya kila moja. Kama ni mpenzi wa mchezo, atanunua. Akisema ni tranka zima au basi, basi.

Kabla ya hayo yote, mama. Ndiye aliyeishi na huyo mtu, na hakuna kati yenu aliyemwuliza, maana barua yako nzima haina hata sentensi moja ya mama kuhusu mashindano, isipokuwa picha anayotaka ichomwe. Nenda Kirumba Jumamosi asubuhi, peke yako, na daftari. Simu iwe inarekodi, umwombe ruhusa. Mtolee picha moja moja, si lundo. Usimwulize "huyu ni nani?" tu, maana atasema "sijui" na mtakwama. Mwulize baba alimwambia nini alipomwonyesha mara ya kwanza. Mwulize kama alijua habari za Mini kabla ya ndoa au baada. Mwulize kwa nini tranka lilikaa chini ya kitanda, si sebuleni. Kila jina litakalopatikana liandike nyuma ya picha kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, kwenye ukingo. Kalamu ya wino isikaribie.

Ile ya msichana msiichome. Lakini wala msiitundike, wala msiitume kwenye kundi la familia kwenye simu. Iwekwe kwenye bahasha yake, mama aambiwe ipo na imefungwa, na isifunguliwe bila yeye kutaka. Kushika saa ya mtu kwenye kilima ni kumpimia muda, hilo tu ndilo picha inalosema. Zaidi ya hapo ni moyo wa mama, na moyo wa mtu wa umri wake una haki ya kutokujadiliwa na wanawe.

Sasa kuhusu kutunza, maana Mwanza haina huruma na karatasi. Ajabu ni kwamba chini ya kitanda, ndani ya bati, gizani, baba aliwasaidia sana. Kodachrome hushika rangi vizuri mno ikikaa gizani, lakini mwanga wa projekta huifubaza upesi. Msiwe mnawasha wageni wakija. Wekeni slaidi juu ya kioo cheupe cha simu kubwa, mpige picha kwa simu nyingine, hizo ndizo za kuonyesha. Nakala mziweke mahali pawili, flashi moja kwa mdogo wenu aliye mbali na nyingine mtandaoni.

Mkanda unaonuka siki utoe humo leo. Filamu ya aina hiyo ikianza kuoza hutoa asidi, na harufu hiyo ndiyo asidi yenyewe. Ikikaa kwenye boksi moja na mwenzake inamharakisha naye. Uweke peke yake, kwenye kitu kisichobana hewa kabisa, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, na uwe wa kwanza kupelekwa kwa mtu mwenye mashine ya kuuhamishia kwenye kompyuta. Usiufungue kuuangalia dirishani, huenda umeshaanza kukakamaa. Programu zilizogandana kwa unyevu msizivute. Tranka liinueni juu ya matofali, mbali na ukuta, mchwa wa Kirumba mnawajua. Wakati wa masika lifungulieni siku za jua, ndani ya nyumba, kivulini, mlipigishe hewa.

Na andikeni barua Uingereza. Shelsley Walsh inaendeshwa na Midland Automobile Club, iliyoanzishwa 1901. Watumieni picha ya kadi zote mbili na tarehe iliyo kwenye programu, waulizeni kama wana karatasi ya matokeo ya siku ile. Barua za yule rafiki zisomeni kabla, huenda anwani au jina la gari limo humo. Mkijibiwa, baba yako mdogo awe wa kwanza kusomewa.

Umeniuliza kama ile njia ya mawe inahusiana. Mmoja mmoja. Anayepima yuko juu. Hakuna wawili pamoja. Mwenzako muache, shindana na saa. Mwanangu, mlikuwa Shelsley Walsh. Baba yenu hakuweza kuwapeleka, wala hakuwa na Mini, akakitengeneza kilima hapo Kirumba kwa mawe aliyoyakuta. Ninyi watano ndio mlikuwa magari yake, na pengine ndiyo sababu hakuona haja ya kufungua tranka.

Saa hizo za zamani zina springi. Itieni ufunguo polepole, msiilazimishe. Ikigoma iende kwa fundi saa mzee, si kwa kijana wa betri. Ikitembea, Jumamosi hiyohiyo ukimaliza na mama, msaidie afike pale juu mwisho wa njia, apate kigoda cha kukalia. Mpe saa mkononi. Wajukuu wawe chini. Aanze kuwaita.

Shangazi